Kanisa Lilipovaa Bendera: Niliyoyaona Ohio

Watanzania na Wakongo wanaohamia huku Marekani huniomba mara kwa mara niwaelekeze kanisa zuri. Zamani nilikuwa nalijibu swali hilo haraka. Sasa huwaomba tuketi kwanza, maana kuna jambo ambalo mgeni asipoambiwa mapema litamgharimu marafiki, ukumbi wa ibada, na wakati mwingine hata makaratasi yake ya uhamiaji. Nazungumzia kanisa lililofunga ndoa na siasa ya taifa, hadi kumpenda Yesu na kuipenda Marekani ya namna fulani kukawa jambo moja. Niliabudu katika kanisa la aina hiyo kwa miaka, nikiwa mshirika kamili. Nilipendwa humo. Hilo naliweka mbele kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi: wanatarajia kukuta chuki mlangoni, na mlangoni hakuna chuki.

Tulifika Ohio mwaka 2012, mimi na mume wangu na watoto wetu wawili, kwa viza ya bahati nasibu. Baridi ilitukuta hatuna makoti ya maana. Kanisa kubwa la kiinjili lililokuwa jirani na nyumba tuliyopanga lilituletea makoti, vitanda, sufuria, hata kiti cha mtoto cha kwenye gari kabla hatujawa na gari. Mama mmoja wa Kimarekani, mwalimu mstaafu, alinipeleka kazini alfajiri kwa miezi, kwenye nyumba ya kulelea wazee nilikoajiriwa, huku mume wangu akibeba maboksi kwenye ghala. Hakuwahi kuniomba hata senti ya mafuta. Mpaka leo namwita mama, na bado tunapigiana simu.

Kanisa hilohilo lilitupa sisi Waswahili ukumbi wa chini kwa ajili ya ibada yetu ya saa nane mchana. Tulikuwa Wakongo wa Kivu waliokaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, Warundi, Wakenya, Wanyarwanda wachache na sisi Watanzania. Mchungaji wetu alikuwa Mlutheri kutoka kwetu, msomi wa chuo cha Kilutheri cha Makumira. Ukumbi bure, umeme bure, kipasha joto bure, ufunguo ukitunzwa na mzee wa kanisa wa juu. Asubuhi wengi wetu tulisali nao huko juu kwa Kiingereza, kisha tunakula pamoja wali na maharage, kisha tunashuka kwenye ibada yetu. Ilikuwa Jumapili ndefu yenye furaha.

Mbele ya kanisa kulikuwa na bendera mbili: ya Marekani upande mmoja, na upande wa pili ile wanayoiita bendera ya Kikristo, nyeupe yenye kona ya buluu na msalaba mwekundu. Jumapili iliyo karibu na tarehe 4 Julai wanajeshi wastaafu walisimamishwa, kwaya ikaimba nyimbo za taifa, watu wazima wakatokwa na machozi. Kwangu mimi niliyelelewa KKKT, yaani kanisa la Kilutheri la Tanzania, huko Kilimanjaro, hayo yalikuwa mageni. Sisi tulikua tukiambiwa na Mwalimu Nyerere, Mkatoliki mcha Mungu, kwamba serikali haina dini, na usharikani kwetu taifa liliombewa kila Jumapili bila bendera kusogea karibu na madhabahu. Lakini sikuona sababu ya kukasirika. Kila watu na desturi zao, na kuipenda nchi yako si dhambi. Bado naamini hivyo. Bendera peke yake haitoshi kukukimbiza kanisani.

Mabadiliko yalianza kuonekana 2016. Wiki chache kabla ya uchaguzi, mashemasi waligawa karatasi inayong'aa mlangoni: picha mbili za wagombea, chini yake safu mbili za majibu. Utoaji mimba, majaji wa Mahakama Kuu, Israeli, silaha, uhuru wa dini. Hapakuwa na neno la kumchagua fulani, kwa sababu sheria ya 1954 ilikataza taasisi zisizolipa kodi, makanisa yakiwemo, kumpigia debe mgombea. Lakini karatasi ilikuwa imepangwa kiasi kwamba hata mtoto angejua mkono wa kulia ni wa nani. Niliigeuza nyuma nitafute wakimbizi, mishahara ya watu wa chini, matibabu. Hayakuwepo.

Niseme wazi kwamba kuhusu utoaji mimba nakubaliana nao, na wengi wetu tuliokuwa ukumbi wa chini tulikuwa hivyo. Hapo ndipo penye ugumu kwa Mkristo wa Afrika Mashariki. Unakubaliana na jambo la kwanza kwa dhamiri safi, la pili ukalikubali kwa kuwaheshimu waliokusaidia, na la tatu linakuja limeshikana na yale mawili kiasi kwamba ukilikataa unaonekana umeyakataa yote. Hakuna aliyekuja kutuuliza kama tunaamini kwamba Mungu aliichagua Marekani kuliko mataifa mengine. Fundisho hilo lilikuja limefungwa pamoja na mambo ambayo tulishayasema amina.

Mwaka huo ndipo nilipoanza kusikia habari za Koreshi. Isaya 45 inamtaja mfalme wa Uajemi, mpagani, ambaye Mungu alimtumia kuwakomboa Wayahudi. Kwa kuwa Donald Trump angekuwa rais wa 45, wahubiri wengi waliona hiyo ni ishara. Fundisho hilo lina hatari ambayo sikuiona mara moja. Koreshi hahitaji kutubu. Akifanya jema, Mungu amemtumia, na akifanya baya, alikuwa mpagani tangu mwanzo, tulijua. Kiongozi wa namna hiyo hawezi kukemewa na nabii yeyote, na kanisa linabaki halina la kumwambia.

Siku ya kuapishwa kwa Trump, aliyekuwa ameahidi kujenga ukuta mpakani na Meksiko, 20 Januari 2017, mchungaji Robert Jeffress wa Dallas alihubiri mbele yake kuhusu Nehemia aliyejenga ukuta, na kwamba Mungu hapingi kuta. Kanisani kwetu somo la Nehemia likaja muda mfupi baadaye. Tarehe 27 Januari ikatoka amri ya kuzuia raia wa nchi 7, Somalia na Sudan zikiwemo, na kusimamisha upokeaji wa wakimbizi kwa siku 120. Ukumbi wa chini palikuwa na mama wa Kikongo ambaye binti yake mkubwa alibaki Nyarugusu akisubiri faili lake. Huko juu asubuhi tulikuwa tumemshukuru Mungu kwa ajili ya ukuta. Mama yule alikuwa juu pia. Alisema amina pamoja na wengine kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa bado kidogo, na alasiri akatuomba tumfafanulie kilichosemwa.

Mwaka uliofuata nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa uraia. Usiku baada ya zamu nilikaa na kijitabu cha maswali 100 ya historia na serikali. Swali mojawapo liliuliza uhuru wa dini ni nini, na jibu rasmi lilikuwa kwamba unaweza kufuata dini yoyote, au usifuate dini. Nikasoma pia kwamba Katiba yao inakataza kumpima mtu kwa dini yake ndipo apewe wadhifa wa serikali, na kwamba maneno "chini ya Mungu" yaliongezwa kwenye kiapo cha bendera mwaka 1954, wakati wa vita baridi. Miaka yote nilikuwa nimehubiriwa kwamba Marekani iliasisiwa kama taifa la Kikristo na kwamba waovu wameliiba. Kijitabu cha serikali yenyewe kilikuwa na historia nyingine. Anayejiandaa kwa mtihani huo namshauri asikariri tu majibu. Asome kwa makini, kitamsaidia pia Jumapili.

Juni 2018, watoto walipokuwa wanatenganishwa na wazazi wao mpakani, Mwanasheria Mkuu Jeff Sessions alinukuu Warumi 13 kutetea sera hiyo. Kijana wetu mmoja, Mrundi, aliuliza kwenye darasa la Biblia: na Walawi 19 je, mgeni akaaye nanyi awe kwenu kama mzalia? Akajibiwa kwa upole kwamba hiyo ilikuwa sheria ya Israeli ya kale, haihusu nchi ya leo. Kijana akanyamaza. Mimi nikakumbuka kwamba kila wiki tulikuwa tunasoma 2 Nyakati 7:14, "ikiwa watu wangu, walioitwa kwa jina langu, watajinyenyekesha", na hiyo ilihesabiwa kuwa ahadi kwa Marekani moja kwa moja. Angalia mtindo huo popote ulipo: ahadi za Israeli zikichukuliwa na taifa, na amri za Israeli kuhusu mgeni zikaachwa kwa Israeli, hiyo Biblia inasomwa kwa mkono mmoja.

Kipindi hicho pia kuliwekwa meza ya kuandikisha wapiga kura kwenye ukumbi wa kuingilia. Hapa nataka kila mhamiaji anisikilize. Wale akina mama waliokaa mezani walikuwa na nia njema, wakimwita kila apitaye: njoo ndugu, jiandikishe. Kijana wa Kikongo mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, alikuwa tayari ameshika kalamu, kisanduku cha kwanza kikiuliza kama yeye ni raia. Mume wangu alimwahi. Kwa asiye raia, kudai kuwa raia au kupiga kura ya kitaifa ni kosa kubwa linaloweza kukufukuzisha nchini, na fomu ya kuomba uraia inakuuliza moja kwa moja kama uliwahi kujiandikisha. "Nilifanyia kanisani" haitakuokoa. Kama huna cheti cha uraia mkononi, usiguse karatasi hiyo, hata akuombe mchungaji.

Tarehe 31 Januari 2020 lilitoka tangazo lingine, na safari hii Tanzania ilikuwemo. Sisi na Sudan tulifungiwa viza za bahati nasibu. Mdogo wangu wa kike, muuguzi, alikuwa amechaguliwa katika bahati nasibu ya mwaka huo. Alikuwa ameshalipia vipimo, ameshakusanya vyeti, ameshaaga nusu ya ukoo. Viza za bahati nasibu hufa mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani ukiisha, mwisho wa Septemba, kwa hiyo kufungiwa kwa miezi michache ni sawa na kufungiwa moja kwa moja. Biden alipofuta tangazo hilo siku alipoapishwa, nafasi ya mdogo wangu ilikuwa imeshapita.

Kanisani kulikuwa na kadi ndogo za maombi. Unaandika haja yako, unaitumbukiza kapuni, mzee wa kanisa anazisoma kabla ya mahubiri. Niliandika kwamba mdogo wangu alikuwa amechaguliwa, kwamba tangazo la Rais limemfungia mlango, na kwamba tunamwomba Mungu aufungue. Nilikaa karibu na mbele. Niliitambua kadi yangu kwa wino wa kijani. Mzee aliisoma kwanza kimya, midomo ikicheza, akasita, akaitazama tena. Kisha akasema: "Tumwombee dada yetu wa Tanzania na familia yake, Bwana awape subira." Akaiweka chini, akachukua nyingine. Hiyo ilikuwa ya kumshukuru Mungu kwa Rais anayelinda mipaka yetu, naye akaisoma yote, neno kwa neno, na kanisa likasema amina.

Baada ya ibada nilimfuata. Alikuwa mtu mwema, ndiye aliyetufungia vitanda vya watoto kwa mikono yake. Nikamuuliza kwa nini hakusoma nilichoandika. Akanishika mkono akasema, "Dada yangu, hapa hatuleti siasa madhabahuni." Hakuwa ananidanganya. Aliamini hivyo kabisa. Shukrani kwa ajili ya mipaka kwake ilikuwa imani, na machozi ya mdogo wangu yalikuwa siasa.

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja nikiingia kanisa lolote: nasikiliza maombi. Mahubiri huandaliwa, na mhubiri mwenye busara anajua kuficha. Kwenye maombi watu husahau kujilinda, na hapo utajua nani anahesabiwa kuwa wa nyumbani. Ukiona kanisa haliwezi kutaja kwa sauti maumivu ya watu fulani kwa sababu aliyeyasababisha ni mkubwa wanayempenda, jua limeshapata bwana wa pili. Wanaweza kuendelea kukiri Imani ya Mitume bila kukosea neno.

Yaliyofuata mwaka huo yalikwenda kasi. Korona, ugomvi wa barakoa, Rais akiwa ameinua Biblia mbele ya kanisa la St. John's mjini Washington baada ya waandamanaji kuondolewa kwa nguvu. Kisha uchaguzi wa Novemba, na unabii. Wahubiri wengi walikuwa wametabiri ushindi. Matokeo yalipokuja tofauti, waliokuwa wameamini unabii walibaki na njia mbili: ama nabii alikosea, ama kura ziliibwa. Watu niliowapenda walichagua ya pili. Paula White, mshauri wa kiroho wa Rais, aliomba mbele ya kamera kwamba malaika wanatumwa kutoka Afrika kuja kuleta ushindi. Ndugu zangu wa Moshi walinitumia kipande hicho wakicheka. Mimi sikuweza kucheka. Malaika wa Afrika waliitwa, na mwezi uleule mdogo wangu alikuwa anarudisha mabegi ya kuazima.

Desemba watu walikusanyika Washington wakapiga baragumu kama za Yeriko. Tarehe 6 Januari 2021 nilikuwa zamu. Wazee wawili na mimi tulitazama televisheni ya sebuleni: mabango ya "Yesu anaokoa", bendera ileile nyeupe yenye msalaba mwekundu ikiingizwa ndani ya Bunge, askari wakipigwa. Baadaye tukaona video ya wavamizi ndani ya Baraza la Seneti, mmoja akiongoza sala ya shukrani kwa jina la Yesu, wenzake wamevua kofia. Jumapili iliyofuata kanisani kwetu tukio hilo halikulaaniwa wala kusifiwa. Liliombewa "umoja".

Alasiri hiyo, ukumbi wa chini, mama mmoja wa Kinyarwanda ambaye kwa kawaida huongea kidogo aliomba nafasi. Alisema, "Wanangu, sisemi hapa ni Rwanda. Hapa kuna mahakama, kuna magazeti, kuna Wakristo wengi wanaokataa. Lakini mimi ninajua jinsi kitu hiki kinavyoanza." Akatueleza yaliyo wazi kwenye historia ya kwao: Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikaa miaka katika kamati kuu ya chama tawala. Gazeti la Kangura mwaka 1990 lilichapisha "amri kumi" za Wahutu, likaazima sura ya maneno ya Mungu. Mwaka 1994 watu walikimbilia makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyarubuye wakiamini kwamba hakuna atakayeua humo, na waliuawa humo, na waliowaua walikuwa Wakristo wenzao. Ndugu za mama yule walikuwa miongoni mwa waliouawa. Papa Francis aliomba msamaha kwa dhambi za kanisa Rwanda mwaka 2017, miaka 23 baadaye. "Padre wetu hakuwahi kuhubiri tuuawe," alisema mama yule. "Aliacha tu kututaja."

Mchungaji wetu alichukua wiki kadhaa kutufundisha habari za Ujerumani, na kwa sisi wa Kilimanjaro hilo lilituingia, kwa kuwa Ulutheri wetu ulikuja na wamisionari wa Leipzig. Mwaka 1933, Hitler alipoingia madarakani, waliojiita Wakristo wa Kijerumani walimfanya Ludwig Müller kuwa askofu wa taifa zima (Reich), wakataka wachungaji wenye asili ya Kiyahudi wafukuzwe, na kwenye mkutano wao mkubwa Berlin mwezi Novemba mmoja wao akadai Agano la Kale liondolewe. Walikuwa waenda ibada, wengi wao wakiamini kwamba wanaliokoa kanisa. Mei 1934 wenzao waliokataa walikutana Barmen, wakatoa tamko ambalo sehemu kubwa iliandikwa na mwanatheolojia Karl Barth: kanisa lina Bwana mmoja, na halipaswi kutafuta ufunuo wa Mungu kwa kiongozi wala katika matukio ya taifa. Tulisoma tamko hilo kifungu kwa kifungu. Kisha mchungaji akatuuliza ni nani hajatajwa. Tulichelewa kujibu. Wayahudi hawamo. Hata waliokuwa mashujaa wa kanisa, saa ya kuandika, hawakuwaandika waliopigwa kuliko wote. Nafikiri somo hilo ndilo lililotufanya tuondoke.

Kuondoka kulikuwa na bei, na bei hiyo ni vizuri uijue mapema. Tulikuwa hatuna kitu chetu. Ukumbi wao, vyombo vyao, hata akaunti ya sadaka ilikuwa chini ya usajili wao. Mmoja wetu, kwa uchungu, alituma sauti ndefu kwenye kundi la WhatsApp akiwaita Mafarisayo, na viongozi wa juu walikuwemo kundini. Ndani ya wiki tuliambiwa ukumbi una matumizi mengine kuanzia mwezi ujao. Waliokuwa wanatafuta namna ya kubaki nasi bila ugomvi wakakosa la kusema. Mchungaji aliandika barua akawashukuru kwa kila kitu, kuanzia makoti hadi umeme, akaeleza sababu zetu bila kumtukana mtu. Barua hiyo ilipaswa kutangulia. Baadhi ya uhusiano ulionusurika ulinusurika kwa ajili yake.

Ushirika wowote wa wahamiaji unaoanza ndani ya jengo la wenyewe, ujisajili mapema kama taasisi isiyo ya faida, ufungue akaunti yake, na uandikishane na wenye jengo hata kama ni bure: muda gani wa notisi, vyombo ni vya nani, ufunguo unakaa wapi. Tulitafuta jengo kwa shida, hadi mtu akatukumbusha Wasabato. Wao husali Jumamosi, Jumapili jengo limelala. Walitupangisha kwa dola 500 kwa mwezi, tukatakiwa pia tukate bima ya ajali, jambo ambalo hatukulitarajia kwenye bajeti. Karibu theluthi moja ya watu wetu hawakuja nasi. Wengine walipenda kubaki karibu na shule ya watoto, wengine waliamini kwa dhati kwamba tunampinga mpakwa mafuta wa Mungu, yaani Trump. Wawili walikuwa rafiki zangu wa jikoni. Tunasalimiana dukani.

Binti yangu ndiye aliyelipa zaidi. Alikuwa na miaka 14, rafiki zake wote walikuwa kundi la vijana la kanisa lile. Aliniambia nimemnyang'anya maisha yake kwa sababu ya siasa, na alitumia neno lilelile la mzee wa kanisa. Nilijaribu kumhubiria, haikusaidia. Kilichosaidia ni kumruhusu aendelee kwenda kambi yao ya kiangazi, na kuketi naye jioni na Biblia mezani tukisoma Amosi, bila mimi kumaliza kila sura na hitimisho. Mzazi anayehama kanisa kwa sababu hizi asimpokonye mtoto marafiki pamoja na mafundisho. Mtoto hatenganishi hivyo viwili.

Kwa upande wa nyumbani, mama yangu bado ananitumia vipande vya unabii kuhusu Marekani vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili. Zamani nilikuwa najibu kwa hasira. Sasa nampigia simu, namwamkia, namuuliza hali, kisha namkumbusha kwa nini mdogo wangu yuko bado Moshi. Hapo husema, "Hao wahubiri hawakutuambia hilo, mwanangu."

Tarehe 20 Januari 2025 amri mpya ilisimamisha tena upokeaji wa wakimbizi. Familia moja ya ushirika wetu ilikuwa na tarehe ya safari ya kijana wao kutoka Nyarugusu, na safari ikafutwa. Katika ibada tulimtaja kwa jina, tukasema mbele za Mungu nini kimemzuia na nani amesaini. Kisha tukamwombea Rais, kwa jina lake, apewe hekima na huruma, maana 1 Timotheo 2 inatuamuru na haitupi ruhusa ya kuchagua. Bendera hatuna, ya nchi yoyote, ingawa Wakenya wetu waliiomba.

Yule mama mwalimu aliyekuwa akinipeleka kazini alikuja kututembelea Jumapili hiyo. Kura yake haijabadilika tangu 2016, na hakunificha. Baada ya ibada alikuja na kalamu, akaniomba nimtajie herufi za jina la kijana polepole ili apige simu ofisi ya mbunge wake. Amepiga mara kadhaa. Hawajamjibu kitu cha maana, naye anaendelea kupiga.